Kikohozi cha Mti Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, tabibu wa zahanati ya kampuni aliandika "moshi wa kuni" kwa mara ya nne kwenye daftari la mgonjwa, na mke wa mgonjwa akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba nyumbani kwao wanapikia gesi. Huu ni mwaka wa saba wa gesi hiyo.

Tabibu akayapulizia yale maneno ili wino ukauke. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki yake. Alikuwa mtu wa fomu.

"Mama, fomu ya kifua ina visanduku vitatu tu," alisema. "Moshi wa kuni, sigara, urithi. Mzee anavuta?"

"Hajui hata sigara inashikwaje."

"Baba yake alikuwa na kifua?"

"Baba yake alianguka kutoka juu ya paa, mzima wa afya."

"Basi tunabaki na kuni."

Mwanamke alilichukua daftari, akalitia kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, akaondoka. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa maneno matatu tu: ugonjwa wa kazini. Maneno hayo yangempeleka mumewe hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, na akirudi angepewa kazi nyepesi kwenye kitalu cha miche, kumwagilia na kung'oa magugu akiwa amekaa kwenye kigoda. Bila hayo, kikohozi ni chako mwenyewe na nyumba yako. Siku za ugonjwa zilikuwa mia moja na ishirini. Zikiisha, jina linafutwa ubaoni. Zilikuwa zimebaki tisini.

Mwanamke huyo alikuwa mgema wa mpira, na shamba zima lilimwita Mkono Mwepesi. Halikuwa jina la kubandikwa hivihivi. Kugema mpira ni kulichanja gamba la mti kila baada ya siku mbili, kwa kisu kilichopinda, ndani kabisa lakini si ndani mno. Ukiishia juu, utomvu hautoki. Ukizidisha unene wa unywele, umeujeruhi mti na kovu litakaa hapo kukusuta miaka kumi. Yeye alikuwa na miti mia tatu kwenye kitalu cha nne, maana shamba liligawanywa vipande na kila kipande kina namba yake, na katika miti mia tatu ungetafuta kovu ukachoka. Utomvu ulishuka kwenye mfereji wake mweupe, taratibu, ukaingia kikombeni bila kupoteza tone. Wagema wenzake walikuwa wakipita pale wakisimama kidogo, wanatikisa kichwa, wanaendelea na yao.

Mumewe aliitwa Baba Pampu. Miaka kumi na tisa alibeba mgongoni pampu yenye injini, ile inayonguruma na kurusha salfa ya unga mpaka vileleni. Adui alikuwa ubwiriunga. Kila mwaka miti ya mpira hupukutisha majani yote na kuchipua mapya, mekundumekundu, laini kama sikio la mtoto, na hapo ndipo ule ukungu mweupe unapokuja kuyavaa kama mtu kamwagiwa unga. Majani yanajikunja, yanaanguka tena yangali machanga, na mti usio na majani hauna utomvu. Kwa hiyo alfajiri, umande ukiwa bado upo na unga unanata, Baba Pampu alipita chini ya miti akirusha salfa juu, na salfa, kama kitu chochote kirushwacho juu, ikamrudia yeye. Barakoa alipewa moja, mwaka wa kwanza. Alikuwa fundi haswa. Aliweza kuusikia upepo ukigeuka kabla majani hayajaujua.

Sasa hakuweza kutoka kitandani mpaka bafuni bila kupumzika njiani. Mkewe alimwekea kiti katikati ya ukumbi, na mzee akakiita stendi. "Nimefika stendi," alikuwa akisema, akihema, "subirini abiria ashuke." Walicheka wote wawili. Kisha alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa na mpangilio wake: viwili vikubwa vya kutoka chini ya mbavu, halafu kimoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi kwa nguvu mno kisha akaona haya.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokuja Bibi Mtindi.

Hilo nalo jina la wagema. Mwenyewe alikuwa mtafiti kutoka chuo cha kilimo, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na gari lake limejaa mapipa. Ndani ya mapipa hayo alikuwa anakusudia kufuga bakteria. Aliwaeleza wagema, wakiwa wamekaa juu ya madumu yao, kwamba juu ya jani kuna wadudu wadogo wasioonekana, wengine wabaya, wengine wema, na kwamba wale wema wakikaa kwanza, ubwiriunga ukija unakuta viti vyote vimejaa.

"Na wanakula nini hao wema?" mmoja aliuliza.

"Hapa nitawalisha molasi na unga wa soya."

"Wanakula kunishinda mimi!" alisema yule, na kicheko kikapanda mpaka kwa msimamizi.

Bibi Mtindi alicheka pia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwenye gari aliyewahi kuwauliza wagema: "Nani kati yenu ana mti usiougua?"

Wengine walianza kubuni. Mkono Mwepesi alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Twende." Akampeleka kwenye kitalu cha nne, safu ya tano, mti namba arobaini na moja. Kushoto na kulia miti ilikuwa na majani meupe yaliyojikunja, na chini kumetapakaa yaliyoanguka. Namba arobaini na moja ulisimama na majani yake yote, yanang'aa, hauna habari.

"Tangu lini?" Bibi Mtindi alinong'ona.

"Tangu niupewe. Nilidhani ni tabia yake tu."

Bibi Mtindi alitaka kujua mti huo ulipata nini ambacho mingine haikupata. Maji? Mbolea? Mkono Mwepesi alisema mtu wa kuulizwa ni mmoja, yuko nyumbani, na twende pole maana hapendi kukutwa njiani kabla ya stendi.

Baba Pampu aliposikia namba ya mti, aliinamisha kichwa. Mkewe alimjua miaka thelathini na moja na hajawahi kumwona na uso ule. Alikuwa mtu aliyefumaniwa.

"Nilikuwa nafunga koki," alisema.

"Koki gani, baba?"

"Ya pampu. Nikiufikia ule mti nafunga, nikiupita nafungua." Akapumzika. "Pale ndipo nilipokuwa naning'iniza chakula changu. Salfa ikiingia kwenye chakula, siku nzima unabeua kiberiti. Nikasema, mti mmoja tu katika mia tatu, nani atajua? Miaka kumi na tisa nimeuibia dawa yake. Msimwambie msimamizi, tafadhali."

Bibi Mtindi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba," alisema, "hujauibia. Salfa inaua ubwiriunga, lakini inaua na wale wema. Mahali pengine pote tumewamaliza. Kwenye mti huu wewe umenitunzia."

Baba Pampu alimtazama mkewe kuhakikisha kwamba hachekwi. Halafu akakohoa, viwili vikubwa na kimoja kidogo, na akaomba aletewe chai.

Kazi ya Bibi Mtindi ilikuwa ya kutazamwa. Alipewa stoo ya zamani ya vikombe, akaisugua kwa mikono yake, akaziba nyufa za dirisha kwa gundi ya karatasi, akaiita maabara. Majani ya namba arobaini na moja aliyagandamiza juu ya visahani vya jeli ngumu ya kuoteshea bakteria, na siku ya pili pakaota vidoa, vya maziwa, vya waridi, vya manjano, kila kidoa ni ukoo mzima wa bakteria. Aliutenga kila ukoo na sahani yake. Kisha alichukua majani machanga, akayaelesha kwenye maji, nusu ya jani akaipaka bakteria, nusu akaiacha, na lote akalinyunyizia ubwiriunga. Mara thelathini na saba alifanya hivyo, kwa koo thelathini na saba, na mara thelathini na sita jani zima likawa jeupe. Mkono Mwepesi alikuwa akipita kila adhuhuri na mikono yake yenye harufu ya utomvu, anachungulia mlangoni, haulizi.

Sahani ya thelathini na saba, siku ya kumi na sita, jani lilikuwa jeupe upande wa kushoto, na upande wa kulia jekundu, safi, na mshipa wa katikati kama mpaka uliopimwa na serikali.

"Njoo uone, mama," Bibi Mtindi aliita. "Njoo uone kazi ya mzee."

Waliliangalia jani hilo pamoja mpaka chai ikapoa. Mkono Mwepesi alijua kuona kitu kilichofanywa vizuri, hiyo ndiyo ilikuwa shule yake, na alisema kwa moyo wake wote: "Una mkono, binti yangu. Una mkono." Bibi Mtindi amepewa vyeti vitatu maishani mwake na hakuna kilichomfurahisha vile.

Wakapika mapipa. Stoo ikanuka mtindi mpaka barabarani. Jua huwaua bakteria, kwa hiyo saa kumi na moja jioni vijana wa pampu walipita kitalu chote cha nne wakirusha maji yenye rangi ya uji mwepesi. Wiki haikwisha, weupe ukaanza kunyauka juu ya majani, ukakatika vipandevipande, ukapeperuka. Majani mapya yalifunguka na hakuna hata moja lililojikunja. Ukisimama chini ulikuwa huoni mbingu. Wagema walioita mapipa yale supu ya wachawi sasa waliomba yapelekwe na kwenye vitalu vyao, na msimamizi, ambaye hasifu kitu, alisema, "Si haba."

Siku ya tisa, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mti namba tatu ulikohoa.

Mkono Mwepesi alikuwa ndiyo kwanza ameuchanja. Shina likatikisika, kikombe kikaruka, utomvu ukamwagikia mguu wake. "Pole," alisema, kama unavyomwambia yeyote, akakirudisha kikombe kwenye waya wake. Alipofika namba kumi, miti sita nyuma yake ilikuwa inakohoa. Saa tatu kitalu kizima kilisikika kama ukumbi wa zahanati siku ya mvua.

Msimamizi alikuja na daftari lake. Aliandika: Miti inakohoa. Vikombe vinamwagika. Ofisini walilipigia mstari lile la pili.

Bibi Mtindi hakushangaa sana. Bakteria wamefungua madirisha ya majani yaliyozibwa na salfa miaka mingi, alisema, na kila kilichomezwa sasa kinatoka. Akachukua karatasi, akaanza kuandika mti gani unakohoa, mara ngapi, na saa ngapi. Ni wagema waliomweleza kitu cha ziada, wakati anapita na karatasi yake: kwamba kila safu ina kikohozi chake, na kwamba vikohozi hivyo wanavijua.

Safu ya kwanza na ya pili zilikohoa kwa kukwaruza, kwa haraka, kama mpulizaji wa zamani wa safu hizo, aliyerudishwa kwao amelazwa nyuma ya lori. Mjane wake, anayefua nguo za wageni wa kampuni, alikuja na wajukuu wanne, akawapanga mbele ya mti namba nane. "Haya, msalimieni babu," alisema, na wakamsalimia. Safu ya sita ilikuwa na kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni. Msimamizi alipokifikia alivua kofia. Kilikuwa cha kaka yake mkubwa, mpulizaji wa safu hiyo, aliyekufa akiwa na miaka arobaini na miwili, kwenye cheti chake wakaandika sigara. Alisimama pale mpaka kikaisha. Alifuta macho kwa kofia, akaivaa, akaendelea kuhesabu vikombe.

Safu ya nne na ya tano zilikohoa viwili vikubwa na kimoja kidogo. Mkono Mwepesi alifanya kazi kutwa katikati ya mumewe. Ni mti mmoja tu uliokuwa kimya, namba arobaini na moja, na akifika hapo alikuwa akipumzisha masikio na kunywa maji.

Kwa kuwa vikombe viliendelea kumwagika, kampuni ilimtuma tabibu. Alikuja na kipimo chake cha kusikilizia kifua, akakiweka juu ya gamba, akasema, "Pumua. Tena. Kwa nguvu." Hakuruka mti hata mmoja, ilimchukua siku nne, na kila uliokohoa aliuandikia kadi na kuifunga kwa uzi kwenye waya wa kikombe. Fomu ya miti ilitoka idara ya kilimo na haikuwa na visanduku. Palipoandikwa "Chanzo" palikuwa na nukta tu, nyingi, ukaandika unachokiona. Tabibu aliandika alichokiona: dawa ya kupulizia. Aliandika hivyo mara mia mbili tisini na tisa. Chini yake: mapumziko wiki nne, usichanjwe, dawa ya aina yoyote isipite karibu.

Mkono Mwepesi aliisoma kadi ya mti wa kwanza wa safu ya nne, akaenda kuufungua mfuko wake wa plastiki. Alilishika daftari la mumewe kwa mkono mmoja na kadi kwa mkono wa pili, akaviweka sambamba mbele ya macho ya tabibu.

"Daktari, sikiliza." Mti ukakohoa, viwili vikubwa, kimoja kidogo. "Sasa wewe unakijua hiki. Umekisikiliza mara nne kwenye kiti chako."

"Nakijua, mama."

"Kikiwa kwenye mti ni dawa. Kikiwa kwa mume wangu ni kuni ambazo hatuna."

Tabibu alitazama viatu vyake. "Mama, nikiandika nje ya kisanduku, fomu inarudishwa. Ya miti wameniachia nukta. Ya watu hawakuniachia."

Bibi Mtindi hakukubali kirahisi, na hapo ndipo wagema walipoacha kumtania. Alitengeneza jedwali la mistari miwili ambalo hata mtoto angelisoma: miti iliyopuliziwa salfa, mia mbili tisini na tisa, inayokohoa, mia mbili tisini na tisa, mti usiopuliziwa, mmoja, unaokohoa, hakuna. Akaliweka mwishoni mwa ripoti yake, akaandika barua ya kurasa mbili kueleza kwamba kilichofanyika kwenye jani kimefanyika na kwenye pafu. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na nne. Ofisi ilimpongeza kwa majani. Ilimwomba aliondoe jedwali, kwa sababu utafiti ulihusu majani na haukuhusu vifua. Alikataa kuliondoa. Wakamwondolea wenyewe, ripoti ikachapwa, nzuri, yenye picha za rangi.

Wiki nne zilipoisha miti ilikuwa imepumzika, imekohoa yote iliyokuwa nayo, ikapona. Meneja alikuja na gari jeupe, akasimama chini ya majani yale mazito, akasema kampuni inakijali kila kifua, cha juu na cha chini. Wakampigia makofi. Vikombe vikarudishwa. Kwa Baba Pampu zilikuwa zimebaki siku sita.

Alikuwa amekwisha mwili. Stendi moja haikutosha tena, ukumbini pakawekwa viti viwili. Jumapili hiyo alimwambia mkewe, kwa vipande, kwamba angependa kuuona mti wake.

"Kwenda huko utafia njiani."

"Nitafia njiani nikienda mahali. Hapa nafia kwenye kiti."

Mkono Mwepesi alikwenda kuazima mkokoteni wa madumu. Aliweka godoro, akamlaza mzee, akaushika mkokoteni upande mmoja na Bibi Mtindi upande wa pili, wakausukuma taratibu kati ya safu. Mzee alilala chali akiangalia juu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiyatazama majani yale kupitia vumbi la manjano, na sasa aliyaona yalivyo. "Mama watoto," alisema, "kumbe ni mazuri hivi." Mkewe alimpenda sana yule mtu, na aliusukuma mkokoteni.

Walimkalisha chini ya namba arobaini na moja, mgongo kwenye shina. Mfuko wa chakula wakauning'iniza kwenye msumari aliokuwa akiutumia siku zote. Baba Pampu aliupapasa mti kwa kiganja cha mkono. "Vipi, ndugu yangu," alisema. "Nimekuja mikono mitupu, hata pampu sina."

Kisha kikamshika. Cha kwanza kikubwa, cha pili kikubwa, akainama mbele, mkewe akamshika mabega wakisubiri kile kidogo. Kidogo hakikutoka kwake. Kilitoka nyuma yake, ndani ya shina, na jani moja likaanguka.

Wote watatu walikisikia. Baada ya muda kikaja tena, na safari hii mzee alitoa kimoja na mti ukatoa viwili. Mara ya tatu mti ulitoa vyote. Baba Pampu alikaa mdomo wazi, anangoja zamu yake, na zamu haikuja. Akavuta pumzi. Ikaingia mpaka chini, ikakaa, ikatoka. Akavuta nyingine.

"Inaingia," alisema.

Mkono Mwepesi alilia waziwazi, kwa sauti, na hakujifuta. Bibi Mtindi alitoa kalamu, akaandika saa: sita na dakika kumi. Halafu naye akaiweka kalamu chini. Walikula chakula kile chote, mzee akala kuwashinda, na mti ulikuwa ukikohoa juu yao, viwili na kimoja, bila kelele. Kurudi alitembea kwa miguu yake. Mkokoteni walisukuma mtupu. Ukumbini alivipita viti vyote viwili na kuvitazama kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kupanga.

Jumanne tabibu alimsikiliza kifua kwa dakika tano. Alikisikiliza mbele, akakisikiliza nyuma.

"Kimesafika kabisa, mzee. Sijapata kuona." Alifurahi kwa dhati, akamshika mkono. Kisha akaandika kwenye daftari: Amepona kikohozi cha moshi wa kuni. Na chini yake: Anafaa kwa kazi zote.

"Na kitalu cha miche?" Mkono Mwepesi aliuliza.

"Kitalu cha miche ni cha waliougulia kazini, mama."

Mchana huo tabibu aliitwa kitalu cha nne, kwa sababu kikombe cha namba arobaini na moja kilikuwa kinamwagika. Aliweka kipimo kwenye gamba, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

"Huu haukuwahi kupuliziwa," Bibi Mtindi alimwambia. "Siyo dawa ya kwenye majani yake. Utaandika nini?"

Tabibu alijua, maana sauti ile aliijua. Alikuwa mtu mwaminifu pale alipopewa nafasi. Alichukua kadi, akaiweka juu ya paja lake, na kwenye zile nukta akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: ugonjwa wa kazini. Mapumziko miezi mitatu. Usichanjwe. Dawa ya aina yoyote isipite karibu.

Mkono Mwepesi aliisoma mara mbili. Maneno yalikuwa yaleyale matatu, na hayakuwa na kosa la herufi. Akaifunga kadi kwenye waya kwa fundo mbili ili upepo usiichukue.

Jumatatu iliyofuata Baba Pampu alipewa pampu. Majani ya juu yalikuwa na bakteria wao na hayakuhitaji mtu, lakini chini kati ya safu kulikuwa na magugu, na magugu yana dawa yake, ya rangi ya buluu, inayonuka hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Barakoa zilikuwa zimeagizwa. Alijifunga kitambaa puani, akaibeba pampu mgongoni, akaanza safu ya tano. Mkewe alikuwa safu ya nne, anachanja.

Alimwona akifika namba arobaini. Alimwona akifunga koki, akiuzunguka ule mti kwa hatua zake za siku zote, magugu ya chini yake yakabaki marefu na mabichi. Msimamizi alikuwa amesimama mwisho wa safu.

"Safi sana," alisema. "Umeisoma kadi."

"Nimeisoma," alisema Baba Pampu, akafungua koki mbele ya namba arobaini na mbili.

Mkono Mwepesi alisimamisha kisu juu ya gamba, akasikiliza. Mti ulikohoa, viwili vikubwa na kimoja kidogo. Akaendelea kusikiliza, mpaka mzee akaimaliza safu na kugeuka. Siku hiyo hakukohoa.